Mtu wa Kumi

Daktari alikuwa na tabia ya kukuuliza mambo ya siasa pale tu mdomo wako ulipojaa pamba. Anakuchoma sindano ya ganzi, anasubiri shavu life, anakuinamia na taa yake, kisha anaanza: "Haya, niambie. Wewe ungekuwa rais wa nchi hii ungeshika nini kwanza, umeme au polisi?" Ukijaribu kujibu unatoa sauti ya ng'ombe anayenyweshwa dawa. Yeye anatikisa kichwa kwa heshima. "Hoja nzuri," anasema, "lakini sikubaliani nayo." Anaendelea kuchimba. Nilifanya naye kazi miaka kumi na minne, na sikuona mgonjwa hata mmoja aliyewahi kumshinda kwenye mjadala.

Kliniki yake ilikuwa Doornfontein, ghorofa ya kwanza, juu ya karakana ya kushona sare za shule. Aliniambia kwamba zamani mtaa ule ulikuwa wa Wayahudi watupu: waokaji, washonaji, wauza samaki wa chumvi. Baadaye wakapata nafasi wakahamia vitongoji vya kaskazini vyenye miti, na watoto wao wakahamia Australia, ambako, kwa maneno yake, "wanalalamika kuhusu Johannesburg wakiwa salama." Yeye mwenyewe alilala huko kaskazini, lakini kliniki hakuihamisha. Kila mkutano wa ukoo walimwuliza ataondoka lini mjini. Alijibu kwamba anasubiri meno ya Doornfontein yaishe.

Mimi aliniita Tanga, kwa sababu ndiko nilikotoka. Niliingia kwake kupiga deki, nikapanda nikawa wa kupokea wagonjwa, mwisho nikawa wa kumkabidhi vifaa. Tulizungumza Kiingereza, chake cha shule na changu cha kuokoteza. Kiswahili alijua maneno matatu tu, niliyomfundisha mimi: fungua, funga, tema. Aliyatumia kwa Watanzania, kwa Wakongo, hata kwa Wazulu wa hosteli za Jeppestown, nao wakayazoea wakidhani ni lugha ya kitabibu.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake, na hakuona haya. "Mungu simwamini hata kidogo," aliniambia, "na yeye analijua hilo." Lakini Jumamosi hakugusa jino. Jino lako liume namna gani, lisubiri Jumapili asubuhi, na Jumapili atakupokea akikulaumu kwa kuchelewa. Nguruwe hakula. Krismasi moja mgonjwa Mreno alimletea soseji za nguruwe, fungu zima, limefungwa utepe mwekundu. Tukabaki tunazitazama pale mezani, Mwislamu na Myahudi, kama watu waliopata bomu.

"Wewe zichukue," akasema.

"Daktari, mimi siwezi. Lakini wewe si huamini?"

"Mama yangu amekufa miaka thelathini," akanijibu, "lakini macho yake bado makali."

Soseji zikaenda kwa washonaji wa chini, na mwaka mzima wale washonaji walitusalimia vizuri sana.

Tena alikuwa na meno mabovu kuliko wagonjwa wake. Alikula pipi za limau siku nzima, na daktari mwenzake akimwambia "Njoo nikutazame," ghafla anakumbuka kikao. Wagonjwa aliwafokea: huyu hapigi mswaki, yule anafungua chupa kwa magego. Akimaliza anageukia dirishani, anatia pipi mdomoni.

Nisije nikamfanya mtu wa kuchekesha tu. Kuna mwaka watu waliamka na kusema wageni waondoke. Maduka ya spaza, vile viduka vya mtaani vya wageni, yalivunjwa, na Jeppestown ninakokaa kulikuwa na moshi. Nilikwenda kazini kwa sababu niliona kliniki ni salama kuliko chumbani. Saa nne asubuhi wakapanda ngazi wanaume kama kumi na wawili wenye rungu na vyuma, wakauliza yuko wapi yule mgeni. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati la dawa.

Daktari akatoka mlangoni na koti lake jeupe. Kwanza akanigeukia, akaninong'oneza, "Samahani, Tanga. Nimezoea kwamba wanakuja kwa ajili yangu." Kisha akamtazama yule wa mbele, si usoni, mdomoni.

"Wewe," akasema. "Juu kushoto, jino la sita. Nilikwambia urudi baada ya wiki mbili. Imepita miezi mingapi?"

Yule mtu akashusha rungu kidogo. "Eish, Daktari, nilikuwa na kazi."

"Fungua."

Akafungua. Mbele ya wenzake wote, rungu mkononi, akafungua mdomo. Daktari akatoa tochi, akachungulia, akasikitika kwa sauti. Akamtazama wa pili: huyu naye aliwahi kung'olewa pale. Wa tatu alifumba mdomo haraka, akarudi nyuma ngazi mbili. Baada ya dakika tano walishuka, na wanne kati yao walikuwa na kadi za miadi. Wawili walikuja kweli, wakakaa kwenye kiti cha kusubiria nilichokifuta mimi, nikawaandika majina.

Kwa hiyo vita ilipoanza kule kwao, au kule ambako watu walimwambia ni kwao, mimi nilikuwa na deni la roho yangu kwake.

Binti yake alikuwa anaishi Israeli, ameolewa huko, ana mtoto wa kiume wa miaka ishirini aliyekuwa jeshini. Siku ile ya kwanza ya mashambulizi, watu wa kijiji kilicho jirani na kwa binti yake waliuawa na wengine wakachukuliwa mateka. Daktari alikuja kazini akatafuta miwani nusu saa, nayo ilikuwa usoni. Kisha ndege zikaanza kupiga Gaza, na simu yake ikaanza kumwonyesha watoto wa huko wakitolewa kwenye vifusi. Alitazama yote mawili, mgonjwa hadi mgonjwa. Chai nilikuwa nampa nzima, naichukua nzima.

"Namwogopea yule kijana, Tanga," aliniambia siku moja, akimtaja mjukuu wake. "Na ninaogopa atakachokifanya."

Mtu mwingine angekaa kimya na hofu zake mbili. Yeye alizitoa nje, kila moja siku yake. Jumapili moja alikwenda kwenye ukumbi wa Wayahudi wenzake, kaskazini, kuwaombea mateka, akasimama na picha ya bibi mmoja wa umri wake. Jumamosi iliyofuata akaingia kwenye maandamano ya mjini ya kutaka vita isimame. Kazi hafanyi Jumamosi, lakini kuandamana, alisema, si kazi. Alibeba bango aliloandika mwenyewe, na kwa kuwa ni mwandiko wa daktari, hakuna aliyeweza kulisoma. Wengi walidhani ni jina la dawa.

Mahali pote pawili alipigwa picha. Na hapo ndipo balaa lilipomkuta, maana picha zilipotea njia. Ile ya Jumapili iliingia kwenye makundi ya simu ya Waislamu: yule daktari wa Kiyahudi anayetibu watu wetu, mtazameni alipo. Ile ya Jumamosi iliingia kwenye makundi ya Wayahudi: huyu mzee wetu, mtazameni alipo. Bango kwa vile halisomeki, kila mtu alisoma baya kuliko yote aliyoweza kufikiria. Katika wiki moja akafukuzwa na pande mbili zisizokubaliana juu ya jambo lolote lingine.

"Wangebadilishana simu tu," alisema, "ningekuwa shujaa kwa wote."

Upande wangu ulisimamiwa na Katibu wa kamati ya msikiti wetu. Huyu ni Mzanzibari anayeuza simu Soweto, mtu mwema, mwenye kupenda sana vikao. Ijumaa baada ya sala alinishika mkono, akaniweka mbele ya kamati. Tulijadili kususia tukinywa soda iliyokuwa ya tatu kwenye orodha ya vitu vya kususiwa, lakini ilikuwa imeshanunuliwa.

"Ndugu yetu," Katibu akaniambia, "umma unakutazama. Unamfanyia kazi nani?"

"Namfanyia kazi daktari wa meno."

"Daktari wa meno Myahudi."

"Miaka kumi na minne mmekuja kwake mkiwa mnajua. Wewe mwenyewe amekuziba mawili."

"Hayo yalikuwa kabla," akasema, na mkono wake ukaenda shavuni bila yeye kutaka.

Nilimwambia kwamba nawalilia watu wa Gaza kama yeye, na kwamba siku ile ya rungu hakuna mwanakamati aliyepanda ngazi. Ndipo wakapitisha karatasi ya kugawa mitaani: watu wasiende kwa daktari wa meno aliye karibu na roboti ya pili, yaani taa za barabarani kama tunavyoziita huku.

Kliniki yetu ilikuwa karibu na roboti ya tatu. Karibu na roboti ya pili alikuwa Mgriki, daktari mpole asiyejua lolote. Asubuhi ya Jumatatu alikuta vijana wenye bendera mlangoni kwake wakimtaka alaani mambo ambayo alikuwa tayari ameshayalaani nyumbani. Kufikia Jumatano alikuwa ametundika msalaba wa mbao wenye urefu wa mlango. Daktari alimpigia simu kumwomba radhi. "Pole sana," alimwambia, "kule kususiwa kulikuwa kwangu."

Wiki ya tatu Katibu akatokea mwenyewe, kofia imeshushwa hadi nyusi, shavu limeumuka kama andazi.

"Nimepita tu kukusalimia," akaniambia.

"Kaa," nikamwambia.

Daktari alimtibu dakika arobaini, na dakika arobaini alizungumza. Alimwambia hakuna mtu atakayemshawishi kwamba kuua watoto wale wa Gaza ni ulinzi, na kwamba amewaambia hivyo hata ukoo wake na binti yake. Akamwambia pia kwamba mateka ni watu, na yule bibi aliyembeba pichani alikuwa mwalimu wa chekechea. "Unapinga?" akauliza.

"Aaah," akasema Katibu.

"Hoja nzuri. Tema."

Nilimsindikiza Katibu hadi ngazini. Midomo yake ilikuwa bado mizito. "Mzee huyu," akasema, "mengi nakubaliana naye."

"Ungemwambia."

"Kwa mdomo upi?"

Nikamwomba basi aifute ile karatasi. Alisikitika. Kufuta ni lazima kamati ikae, na tangu mwezi uliopita kamati haijatimiza akidi.

Upande wa pili nao ulikuwa na shida ya akidi. Karibu na kliniki kulibaki sinagogi moja ndogo ya matofali, ambako asubuhi za Jumatatu na Alhamisi wazee walikuja kwa magari kutoka kaskazini kusali. Sala yao haikamiliki mpaka wapatikane wanaume kumi. Mwenyekiti wao alikuwa rafiki wa Daktari tangu darasa la kwanza. Walikaa dawati moja, wakaoa wanawake wawili marafiki. Baada ya ile picha, Mwenyekiti alisaini barua ya kusema kwamba Daktari amejitenga na watu wake na hatakaribishwa tena kwenye shughuli zao. Daktari aliisoma mbele yangu, akasahihisha makosa mawili ya sarufi kwa kalamu nyekundu, akairudisha kwa posta.

Alhamisi iliyofuata, saa moja na nusu asubuhi, simu ikalia. Nikapokea mimi. Ilikuwa sauti ya Mwenyekiti.

"Mwambie daktari wako tuko tisa."

"Yupo hapa, bwana. Nimpe simu?"

"Hapana. Sisi hatuzungumzi naye. Mwambie tu tuko tisa."

Nikageuka. "Anasema wako tisa."

Daktari alikuwa anavaa glavu. "Mwambie," akasema, "msaliti anakuja, avue glavu kwanza."

"Anasema msaliti anakuja."

"Mwambie afanye haraka," akasema Mwenyekiti, akakata simu.

Daktari alirudi baada ya dakika arobaini, akakuta mgonjwa anasubiri. Nilimwuliza kama walimsalimia.

"Walinihesabu," akasema.

Ikawa desturi. Kwa mwaka mzima nilikuwa mjumbe kati ya wanaume wawili waliosikia kila mmoja sauti ya mwenzake kwenye simu ileile. Wakiwa kumi bila yeye, simu haikulia na hakuna aliyemtaka. Wakiwa tisa, alikuwa Myahudi. Siku moja nilichoka nikamwambia Kiswahili chetu kingesema huu ni utumwa.

"Kuna mzee pale kafiwa na mkewe mwezi uliopita," akanijibu. "Anataka kumsomea sala ya wafu, na bila kumi haisomwi. Yule mama alikuwa ananiokea keki ya mbegu. Nimnyime sala yake kwa sababu Mwenyekiti ni punda?"

Hayo yote aliyabeba kwa mizaha. Lililomvunja lilikuwa binti yake.

Kila Ijumaa mchana, kabla Sabato haijaingia kule, binti alimpigia. Baada ya picha kufika hadi huko, alipiga mara moja tu, nami nilikuwa nasafisha vifaa upande wa pili wa pazia.

"Baba," nilisikia, maana simu aliiweka mezani, spika wazi, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na maji, "mwanangu yuko vitani, na wewe unatembea na watu wanaomwita muuaji."

"Nataka arudi mzima," Daktari akasema. "Na nataka arudi akiwa mtu."

Simu ikakatika. Ijumaa iliyofuata haikulia. Wala iliyofuata.

Mimi ndiye niliyeandika daftari la miadi, kwa hiyo mimi ndiye niliyejua. Aliniambia Ijumaa nisimpangie mgonjwa baada ya saa nane. Hakusema sababu. Saa nane alinawa, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, kile cha kulala, simu kifuani, taa imezimwa juu yake. Saa kumi na moja aliinuka akavaa koti. Karibu mwaka mzima ilikuwa hivyo. Mara moja tu nilijaribu kumfariji. Nilisema, "Damu haipotei, Daktari, atapiga." Akaniambia nikitaka kutabiri nikafungue ofisi yangu, Johannesburg kuna waganga wa kutosha na wote wana vipeperushi vizuri kuliko vya kamati yangu.

Aliacha kazi bila sherehe. Ilikuwa Jumanne, mgonjwa amelala, koleo liko mkononi, na mkono ukaanza kutetemeka. Niliuona mimi tu. Aliutazama kama anavyotazama jino lisilookoka. Akaweka koleo kwenye trei, akavua glavu taratibu. "Tanga," akasema, "bwana huyu mpeleke kwa Mgriki." Nilimpeleka mgonjwa, na baada ya mwezi Mgriki akaniajiri. Nipo kwake hadi leo, chini ya ule msalaba wa mbao. Hakuutoa. Anasema unaleta wagonjwa.

Mwaka na nusu ulipita. Tulizungumza kwa simu sikukuu kwa sikukuu, zake na zangu. Kisha mwaka huu, asubuhi ya baridi, Daktari akanipigia, Mgriki akiwa hajafika bado.

"Mwenyekiti amefariki," akasema. "Wanazika leo leo, sisi hatuchelewi. Macho yangu hayaendeshi tena. Una gari?"

Niliazima gari la jirani, nikamfuata. Alikuwa amekonda, suti imemzidi, kofia ndogo imebanwa na pini kwenye nywele chache zilizobaki. Njia nzima alimsema marehemu. Kwamba alikuwa mbishi, alikuwa mwoga, alikuwa anaibia mtihani wa hesabu, na barua yake ilikuwa na makosa mawili ya sarufi ambayo hata mtoto asingeyafanya. Kwenye roboti akatia pipi mdomoni. Nikachukua nafasi nikamwuliza habari za binti.

"Anapiga," akasema. "Tangu mwezi wa tatu. Kijana amerudi. Hasemi na mtu, analala mchana. Mama yake akaniuliza nifanye nini, baba? Nikamwambia sijui. Nadhani hilo ndilo jibu langu la kwanza alilolikubali." Akatazama nje. "Tunaongea chakula, na meno ya wajukuu wadogo. Ni mwanzo."

Makaburini palikuwa na watu wachache. Watoto wa Mwenyekiti walikuwa Australia, wakitazama kwenye simu aliyoishika kiongozi wa sala, mtu mwenye ndevu changa aliyekuwa akihangaika isipeperushwe na upepo. Wazee walimwona Daktari wakainamisha vichwa kidogo, salamu ambayo mtu angeweza kuikana baadaye. Hakuna aliyemkaribia. Mimi nilisimama nyuma, nimefunika kichwa kwa kofia yangu ya Ijumaa, nayo kule haikumshangaza yeyote.

Jeneza liliposhushwa, wanaume wakaanza kufukia wenyewe, mmoja mmoja. Zamu ilipomfikia, Daktari alishika sepeto kwa mikono miwili. Mkono ulikuwa unatetemeka vibaya, na udongo ulimwagika viatuni kabla haujafika kaburini. Akajaribu tena. Mara ya tatu ukafika, kidogo. Nilisikia akisema kitu kwa marehemu, kifupi, kwa lugha nisiyoijua, na si kwa sauti ya ugomvi.

Nikasogea, nikanyoosha mkono kumpokea sepeto.

Hakunipa. Alilichomeka kwenye lundo la udongo, likasimama. "Sisi hatupokezani mkononi," akasema. "Msiba haupokezwi. Unauweka chini, anayetaka anauokota."

Mzee mmoja mwenye koti la manyoya akaingilia. "Huyu bwana si wetu."

"Hata mimi," Daktari akasema. "Mna barua."

Upepo ulipiga ile simu, na sauti ndogo kutoka Australia ikauliza kama wamemaliza, maana picha imekwama. Shimo lilikuwa bado halijafika hata nusu, na wale wazee, wote niliowatazama, walikuwa wamechoka, wanapumua kwa midomo.

Nikaokota sepeto. Kwetu Tanga maiti tunamzika kwa haraka hivyo hivyo, na kwa mikono ya watu hivyo hivyo, kwa hiyo kazi niliijua. Nilifukia hadi mgongo ukawaka, nikasema moyoni ninayoyajua kusema. Nilipochoka nikalichomeka sepeto kwenye udongo, lisimame kama nilivyoona, nikarudi nyuma.

Yule mzee wa koti la manyoya alilitazama kwa muda. Kisha akavua koti, akampa Daktari amshikie, akaliokota sepeto.